Sura ya Tatu: Chumba Kabla ya Maiki

Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake ipate kuingia kwenye santuri. Mashine za kurekodi zilikuwa huko, naye akazifuata. Miongo kadhaa baadaye, bendi za Dar es Salaam kama NUTA Jazz na Mlimani Park ziliingia studio za Radio Tanzania, wanamuziki wote wakapiga kwa pamoja, na kilichonaswa kwenye utepe ndicho tunachokisikia mpaka leo.

Kompyuta ndiyo iliyovunja foleni ya kungojea studio. Cubase ya Ujerumani ilitoka mwaka 1989. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja FruityLoops ya Ubelgiji, ambayo leo inaitwa FL Studio, na mtu mwenye kompyuta ya kawaida akaweza kutengeneza biti nzima bila kumtafuta mpiga ngoma hata mmoja. Singeli imezaliwa na hali hiyo. Katika studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, vijana walikimbiza mdundo hadi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa kazi zao uitwao Sounds of Sisso. Huko Los Angeles, Billie Eilish na kaka yake Finneas walirekodi albamu yao ya 2019 katika chumba cha kulala kwenye nyumba ya wazazi wao, na mapema mwaka 2020 ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza kama muziki wa maana unaweza kurekodiwa nyumbani. La kuuliza ni kwa nini rekodi nyingi za nyumbani, zilizofanywa kwa kompyuta nzuri na maiki isiyo mbaya, bado husikika kama mtu anaimbia ndani ya pipa. Jibu langu nitalisimamia sura nzima: mwenyewe alinunua vifaa kabla ya kukisikiliza chumba.

Simama katikati ya sebule yako, zima redio na feni, kisha piga kofi moja la nguvu. Nyumba zetu za mjini zina kuta za plasta laini, sakafu ya vigae na madirisha mapana ya vioo. Vyote hivyo ni vigumu, na sauti hupenda vitu vigumu: huvigonga na kurudi, hugonga upande wa pili na kurudi tena. Utasikia mkia wa mlio unaotetemeka baada ya kofi. Sikio la mtu aliyemo chumbani huuzoea mkia huo mpaka likausahau. Maiki haizoei kitu. Inanasa sauti yako, inanasa na kila ukuta uliojibu, na vyote viwili vikishaingia pamoja kwenye faili moja ni kazi ngumu mno kuvitenganisha.

Nenda sasa chumba cha kulala, upige kofi lile lile. Pale penye kitanda chenye godoro nene, kabati lililojaa nguo na pazia zito, mlio hukatika mapema. Ndiyo studio yako ya kwanza, na umeipata bure. Usisimame katikati kabisa ya chumba, wala usijibanze kwenye kona, maana kona ndipo sauti nzito zinapojikusanya. Fungua milango ya kabati ili nguo zisaidie kunyonya sauti.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu trei za mayai. Zimebandikwa kwenye kuta za studio ndogo kuanzia Mbagala hadi Kariobangi, na wenye studio hizo huamini zinazuia kelele. Hazizuii. Kinachozuia sauti isitoke wala isiingie ni uzito na kuziba nafasi: ukuta mnene, mlango mzito, dirisha lisilo na upenyo. Trei ya karatasi haina uzito wowote. Inachoweza ni kupunguza kidogo mwangwi wa sauti za kati na za juu, na kuziacha zile nzito zikizunguka zilivyokuwa. Khanga na mapazia mepesi yana tabia hiyo hiyo. Yakitumika peke yake, chumba hupoteza ung'avu wake huku kikibaki na ngurumo ya chini, na mwimbaji husikika kama ana mafua.

Unene ndio unaofanya kazi. Godoro la sufi lililosimamishwa wima, au blanketi nzito mbili tatu zilizokunjwa na kutundikwa kwenye kamba umbali wa kiganja kutoka ukutani, hunyonya sauti kuliko ukuta mzima wa trei. Ile nafasi ya hewa nyuma ya blanketi nayo inasaidia, kwa hiyo usizibandike ukutani moja kwa moja.

Halafu kuna suala la wapi uliweke godoro, na wengi hupakosea. Maiki nyingi za kuimbia husikia vizuri mbele na kusikia kidogo sana nyuma. Maana yake, maiki inamtazama mwimbaji pamoja na kile kilicho nyuma ya mwimbaji. Ukuta ulio mgongoni kwako ndio unaoongea na maiki, basi huo ndio unaohitaji godoro kwanza. Ukishaumaliza huo, njoo pembeni, kisha nyuma ya maiki.

Kelele za nje hutazizuia kwa bei unayoimudu. Zipangie ratiba. Kila mtaa una saa zake: bodaboda hutulia saa ngapi, jenereta ya jirani huzimwa lini, jogoo huanza saa ngapi, adhana ya alfajiri ni saa ngapi. Kwa mtu wa mjini, kati ya saa tano usiku na saa tisa ndipo palipo na muziki. Mvua ikianza kwenye bati, acha kuimba na uendelee na kazi ya kukata na kupanga ulichokwisha rekodi. Zima pangaboi, chomoa friji iliyo chumba cha pili na ukumbuke kuirudisha. Ukisikia mvumo mzito usiokoma kwenye rekodi, chunguza umeme: soketi nyingi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi, na chaja ya laptopu huingiza mlio huo kwenye mstari. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, na mara nyingi mvumo utatoweka papo hapo. Betri hiyo hiyo ndiyo itakayokuokoa umeme ukikatika katikati ya ubeti. Mwenye kompyuta ya mezani anahitaji UPS kabla hata ya kufikiria maiki bora.

Baada ya chumba ndipo tunafika kwenye maiki. Zipo aina mbili utakazokutana nazo. Ya dainamiki, kama Shure SM58 iliyoko jukwaani tangu mwaka 1966, ni ngumu, haihitaji umeme wake, na hutumiwa karibu na mdomo, kwa hiyo hainasi sana vitu vilivyo mbali. Ya kondensa husikia kila kitu, hadi pumzi na kidole kinachoteleza kwenye uzi wa gitaa, na huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kifaa ilichounganishwa nacho. Wauzaji watakusukuma kwenye kondensa kwa sababu inasikika tajiri dukani. Mimi kwa mtu anayeishi kwenye nyumba yenye mwangwi na mtaa wenye kelele humshauri aanze na dainamiki. Inasamehe chumba kibaya. Na kwa walio Pwani kuna sababu nyingine: unyevu na chumvi ya hewa huidhuru kondensa. Ukiwa nayo, isilale mezani. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Umbali ndio kitasa cha kwanza cha studio, na hakiuzwi. Kila ukiongeza umbali mara mbili kati ya kinywa na maiki, sauti yako ya moja kwa moja hupungua kama desibeli 6, lakini mwangwi wa chumba hubaki karibu ulivyokuwa. Ukisogea karibu, sauti inakuja na chumba kinarudi nyuma. Anza na shubiri moja. Ukikaribia zaidi ya hapo, maiki hizi huongeza uzito wa chini, jambo linaloweza kumpendeza mwimbaji wa sauti nyembamba na kumharibu mwenye besi. Nyimbo za mapenzi, kwa jinsi zilivyojaa herufi p, hurusha pumzi kama mshale kwenye maiki, na rekodi hupiga kishindo. Geuza maiki kidogo ielekee pembeni ya mdomo, au vuta soksi nyepesi ya nailoni juu ya duara la waya wa hanga na uliweke katikati. Linafanya kazi sawa na lile la dukani.

Kwa gitaa la galatoni, wengi huelekeza maiki kwenye tundu, wakapata mvumo mtupu. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili, umbali wa sentimita 30 hivi, kisha mwombe mpigaji aendelee kupiga wakati wewe unaisogeza taratibu huku umevaa hedifoni. Mahali patakapokufanya utulie ndipo pake. Udi nao urekodi kwa njia hiyo hiyo, na ngoma zinataka nafasi: rudi nyuma mita moja au zaidi, maana ngozi na mwili wa ngoma hutoa sauti mbili zinazohitaji hewa ili zikutane.

Sasa kompyuta yenyewe. Laptopu yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha kabisa, hata ikiwa ya mtumba. Usichomeke maiki kwenye tundu dogo la pembeni la laptopu. Sehemu hiyo ilitengenezwa kwa mazungumzo ya simu. Unahitaji kijisanduku kinachounganishwa kwa waya wa USB, ambacho mafundi wengi hukiita saundi kadi, chenye tundu la waya wa XLR na kitufe cha zile volti 48. Kazi yake ni kupima wimbi la sauti na kuligeuza kuwa tarakimu. Santuri ya CD hupima mara 44,100 kwa sekunde. Kiwango hicho kilichaguliwa kwa sababu sikio la binadamu hufika kama hezi 20,000, na ili kulinasa wimbi lazima ulipime angalau mara mbili ya kasi yake. Wewe weka 48,000 au 44,100, biti 24, na usihangaike na namba kubwa zaidi ambazo hujaza diski bila kukupa unachokisikia. Traki moja ya sauti kwa kiwango cha 48,000 na biti 24 hula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 unakaribia MB 700.

Biti 24 zina faida moja inayobadilisha namna ya kufanya kazi: hakuna sababu ya kurekodi kwa sauti kubwa. Zamani za utepe, fundi alisukuma kiwango juu ili muziki ufunike mchakacho wa utepe wenyewe. Kwenye kompyuta, mstari ukifika sifuri sauti hupasuka, na iliyopasuka haiungwi tena. Mwambie mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, kisha punguza mpaka kilele kiishie kati ya desibeli 12 na 8 chini ya sifuri. Rekodi itaonekana ndogo kwenye skrini. Iache hivyo. Utaipandisha mwishoni bila hasara.

Kikwazo kitakachomkatisha tamaa mgeni ni sauti kuchelewa. Unaimba, na hedifoni zinakujibu baadaye kidogo, kama mtu mwingine anakufuata. Kompyuta haishughulikii sampuli mojamoja. Inazikusanya kwenye fungu liitwalo bafa, kisha inazifanyia kazi pamoja. Bafa ya sampuli 128 kwa kiwango cha 48,000 ni chini ya milisekunde 3. Ya 1,024 ni milisekunde 21, na sauti huchelewa ikiingia na huchelewa tena ikitoka, kwa hiyo mwimbaji hupoteza mdundo. Shusha bafa wakati wa kurekodi, ipandishe wakati wa kumiksi ambapo kompyuta inabeba mzigo mkubwa na kuchelewa hakumsumbui mtu. Kwenye Windows weka draiva ya ASIO ya kifaa chako, si ile ya kawaida ya mfumo. Na kama kijisanduku chako kina kitufe cha kukusikilizisha sauti yako moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta, kitumie, tatizo lote litakwisha.

Kuhusu programu nitakuwa mfupi, kwa sababu watu hupoteza miezi hapa. Mwenye Mac anayo GarageBand bila malipo. Mwenye Windows ajaribu Reaper: unaruhusiwa kuijaribu siku 60, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na inakimbia kwenye kompyuta dhaifu. Audacity ni ya bure na inatosha kwa sauti na gitaa. Wanaotumia FL Studio kwa biti waangalie kwanza toleo lao, maana toleo la chini kwa muda mrefu lilikuwa halirekodi maiki. Programu zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye flashi ziache. Mara nyingi zimebeba virusi, na kazi yako ya mwaka mzima inaweza kupotea usiku mmoja. Chagua moja, ijue mpaka vidole viifanye bila kufikiri.

Siku ya kurekodi, andaa kila kitu kabla mwimbaji hajafika. Hakuna kinachoua wimbo kama msanii aliyesimama saa nzima akimtazama fundi akitafuta waya. Weka mapigo ya wimbo na kliki, pima kiwango, mpe hedifoni zinazofunika masikio yote ili biti isivuje ikaingia kwenye maiki. Wengi huimba vizuri wakiachia sikio moja wazi kidogo. Mruhusu, ila sauti ya biti uishushe. Maji ya uvuguvugu yawepo.

Kisha bonyeza kitufe chekundu kabla ya kusema uko tayari. Mara ya kwanza, wakati mtu anadhani bado mnajaribu, ndipo mara nyingi hutoka ile sauti ambayo hatairudia tena. Rekodi wimbo wote tangu mwanzo hadi mwisho mara tatu au nne, bila kusimama kwa kila kosa dogo. Mwimbaji anayesimamishwa kila mstari hupoteza habari anayoisimulia na kuanza kuimba silabi. Baadaye ukae peke yako, uchague ubeti huu kutoka mara ya pili, kiitikio kutoka mara ya kwanza, uviunganishe pale mwimbaji anapovuta pumzi. Usifute chochote siku hiyo; sikio lililochoka halina haki ya kuhukumu. Na kila traki uipe jina lake, kwa sababu wiki mbili zikipita "Audio 14" haitakuambia kitu.

Kuhusu kumiksi nina sura nyingine, kwa hiyo hapa nitataja ya kukuvusha tu. Kata mvumo ulio chini ya hezi 80 kwenye sauti ya mwimbaji. Panga viwango kwanza, kwa vitasa vya sauti pekee, mpaka maneno yasikike bila juhudi. Kwa msikilizaji wetu maneno yakizama wimbo umekufa, iwe taarab, iwe rapu. Riverbu, yaani mwangwi wa kuongezwa na kompyuta, tia kidogo, ukishaona imetosha uipunguze tena. Kisha sikiliza kwenye simu, kwenye gari, na kwenye spika yoyote mbovu ya jirani, maana huko ndiko wimbo utakakoishi.

Ukimaliza, toa faili la WAV, na ukilituma kwa WhatsApp litume kama hati, vinginevyo litabanwa. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya nyumba yako au mtandaoni. Flashi hufa bila kuaga. Na kabla wimbo haujatoka mkononi mwako, andikeni kwenye karatasi nani katunga maneno, nani katengeneza biti na kila mmoja ana sehemu gani, mtie saini. Urafiki mwingi wa muziki umevunjika kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Ombi langu ni hili: wimbo wako wa kwanza kurekodi usiwe wako. Mwombe mama, shangazi au mzee wa mtaani anayejua nyimbo ambazo hakuna studio iliyowahi kumwita azirekodi, za harusini, za shambani, za kubembeleza mtoto. Mpe heshima yake, mweleze utaufanyia nini wimbo huo, apate nakala yake. Mkalishe chumbani penye godoro, maiki shubiri moja, mwache aimbe mpaka mwisho. Hutajali sauti yako inasikikaje, kwa hiyo masikio yako yatakuwa huru kujifunza chumba, umbali na kiwango. Umalize wimbo huo wote, kuanzia kofi la kwanza hadi nakala ya tatu, kabla hujanunua kifaa kingine chochote.